Honi Tatu Chini ya Mlima

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla barabara haijachangamka, cheche zinaruka ndani ya karakana yenye mlango wa mabati. Mwanamke aliyechuchumaa nyuma ya cheche hizo anainua kofia yake ya kuchomelea, anakigonga kiungo kwa nyundo ndogo, anakitazama, anakunja uso.

"Bado," anasema, na kuishusha kofia tena.

Kwa kawaida saa kama hii huwa anaunga grili za madirisha. Kwa wiki hutoa sita, saba kazi ikichanganya. Leo anachounga hakizidi kiganja: bamba la chuma lenye matundu mawili ya skrubu. Mteja ni baba yake mzazi, na mteja huyo hana subira hata kidogo.

Mtaani wanamwita Breki. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka kumi na saba, kwa kejeli, maana breki ndicho kitu ambacho hakuwa akikigusa. Sasa ana miaka thelathini na minane. Nusu ya umri huo ameitumia katika mbio za baiskeli za kushuka mlima: unaanzia kileleni, unapita juu ya mawe na mizizi, na anayefika chini kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Kupanda si kazi yako. Unapandishwa na gari.

Gari lake lilikuwa pikapu ya baba. Siku za kazi ilibeba vyuma vya karakana. Jumamosi mchana ilibeba baiskeli na binti. Kileleni mzee alipiga honi mara tatu, naye Breki akajitupa mtelemkoni. Mzee alizunguka kwa barabara, taratibu, chupa ya chai ikigongana na spana kwenye kiti cha pembeni.

"Mimi ndiye nilikuwa nafika kwanza," anakumbuka Breki. "Nakaa kwenye jiwe, navua glavu, nasikiliza. Honi inalia mara tatu kule kwenye kona, najua baba anakuja. Nakwambia, hakuna sauti nimewahi kuipenda kama ile. Tunakunywa chai, tunapanda tena. Mara nne, mara tano, mpaka jua linazama."

Hayo yalidumu miaka kumi na tisa. Kisha siku moja mzee aligonga kwa pikapu geti la karakana, geti ambalo bintiye alilichomelea mwenyewe. Alicheka, akasema limewekwa vibaya. Wiki iliyofuata daktari alimpima presha ya macho na kumwambia asiguse usukani tena. Pikapu ikanunuliwa na muuza mboga. Baiskeli ikatundikwa ukutani, ikakaa huko miaka miwili.

"Watu walikuwa wananiambia, si ukodi gari?" anasema. "Sikuwa natafuta gari mimi."

Aliyemtoa huko ni mpaka rangi wa karakana, kijana mwenye mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyeona tangazo la mbio za enduro. Katika mbio hizo mtu hushuka mitelemko minne kwa siku, na muda hupimwa wakati wa kushuka tu. Kutoka mtelemko mmoja hadi mwingine unapanda kwa miguu yako mwenyewe. Huko hakuna saa inayokukimbiza, ila ukichelewa kwenye mstari wa kuanzia, dakika zako zinaongezwa kwenye hesabu.

"Nilimwambia, dada, hapa humhitaji mzee," anasema mpaka rangi. "Akaninyamazia siku mbili. Nikajua nimemgusa pabaya."

Siku ya tatu Breki aliishusha baiskeli. Alijiwekea sharti moja: asipomaliza mbio hizo, anaiuza, na mnunuzi alikuwa tayari ameshakuja kuiangalia mara mbili.

Baiskeli ya kushukia ina uzito wa kilo kumi na saba na kiti chake kiko chini kama kigoda. Ili aweze kupanda nayo, Breki alikata bomba lililobaki kwenye kazi ya madirisha na kutengeneza mguu mrefu wa kiti. Wenzake siku ya mbio walikuwa na kitufe cha kushusha kiti. Yeye alikuwa na spana namba kumi na tatu mfukoni.

Mtelemko wa kwanza aliushuka kwa namna ambayo wasimamizi walirudia kutazama saa zao. Kati ya wanawake ishirini na wawili, hakuna aliyemkaribia.

Alipofika chini, akaona jiwe. Akakaa. Akavua glavu, akavua helmeti. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine, wakiinua viti na kuanza kupanda. Breki alikuwa ametulia, shingo ameielekeza kwenye kona ya barabara.

Msimamizi mmoja alimsogelea. "Dada, umeumia?"

"Hapana. Nasubiri gari."

"Gari gani, dada?"

Hapo ndipo alipozinduka. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

"Nilipanda ule mlima nalia," anasema, na hafichi macho yake. "Si kwa sababu ya kuchelewa. Nililia kwa sababu kwa dakika zile kumi na moja nilikuwa na uhakika kabisa kwamba anakuja."

Alichelewa mstari wa pili kwa dakika tisa. Alimaliza mitelemko yote minne, akawa wa kumi na saba. Bila dakika hizo angekuwa wa tatu. Mnunuzi alipopiga simu jioni, alijibiwa kwamba baiskeli haiuzwi.

Kwa baba alienda siku ya pili, akamsimulia habari ya jiwe. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaingia chumbani akipapasa ukuta, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia gari. Ilikuwa honi ya pikapu. Alikuwa ameing'oa kwenye gari kabla ya kumkabidhi muuza mboga ufunguo.

"Yule wa mboga alilalamika wiki nzima," anasema mzee, ambaye sasa ameletwa karakanani na amekalia kopo la rangi. "Nikamwambia gari ni kuukuu, vitu vinadondoka."

Bamba limekamilika. Breki anaifunga honi juu yake na kuunganisha nyaya kwenye betri ndogo ya pikipiki. Mbio nyingine ziko miezi mitatu mbele. Mpango wao ni kwamba mzee apelekwe mapema na kukalishwa chini ya mtelemko wa kwanza, juu ya jiwe lile lile.

Mzee anapapasa kitufe, anakibonyeza mara tatu. Mpaka rangi anaangusha brashi.

"Umesikia, mama?" anamwambia bintiye. "Zamani hiyo ilikuwa njoo upande. Sasa nikiipiga ujue kwenye jiwe nimekaa mimi, huna pa kukaa. Kanyaga."