Karatasi Isiyo na Sahihi

Mpwa wangu alinipigia simu Jumatatu, saa ya chai. Chuo chao kilivamiwa na watu wenye bunduki Alhamisi ya wiki hiyo. Kati ya siku hizo mbili nilifanya kazi zangu za kawaida na sikumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa amepiga.

Mimi ni karani wa stoo katika shamba la mkonge nje ya Voi. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, Kiingereza kikiwamo, kwa kusoma chochote kilichopita mikononi mwangu. Kwa sababu hiyo, mambo ya masomo katika familia yetu huletwa kwangu. Ndiyo maana msichana alinipigia mimi, si mama yake.

"Anko," alisema, "kuna karatasi imebandikwa kwa mlango wa hosteli. Inasema tutavamiwa. Wengine wameanza kwenda nyumbani."

Nilimuuliza imesainiwa na nani.

"Haina sahihi."

"Ina muhuri wa chuo?"

"Haina. Lakini anko, watu wanaenda."

"Hiyo ni fununu. Mtihani wako ni lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi kaa usome. Chuo kikiandika barua, nipigie."

Alisema sawa. Simu yangu inaonyesha kwamba tuliongea dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Tulimzika mpwa wangu kijijini Rukanga, nyumbani kwa dada yangu, mama yake. Miezi kadhaa baadaye, kamati ya Bunge ilianza kuuliza nani alijua nini kabla ya shambulio, na alijua lini. Nilifuata mjadala huo kwa utaratibu. Nilinunua gazeti kila siku na kupiga mstari chini ya kila jibu. Baada ya wiki mbili niliona kwamba hakuna aliyekataa kuwa habari ilikuwa imefika. Walichobishania ni jina lake. Upinzani uliiita onyo, ukataka wakubwa wa upelelezi wajiuzulu. Upande wa serikali uliiita taarifa ya jumla, isiyotaja siku wala mahali. Kisha mkuu mmoja wa upelelezi akaitwa mbele ya kamati, naye akaiita fununu.

Siku hiyo nilikuwa kantini, saa ya chakula cha mchana, na runinga ilikuwa juu ya friji ya soda. Mkuu yule alieleza kwamba taarifa ilipokelewa ofisini mwake, lakini haikuwa na chanzo cha kuthibitisha, kwa hiyo ikawekwa kwenye faili.

"Sikieni huyu!" alisema fundi wa mashine, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mwenye sauti kubwa. "Kuku wa mkubwa wa polisi akiibwa, chanzo kinapatikana kabla ugali haujaiva."

"Huyo angekuwa wakati wa Nuhu," mwenzake akadakia, "angeambia mvua isaini kwanza."

Meza nzima ilicheka. Fundi akanigeukia. "Karani, si huyo ni ndugu yako? Juzi ulininyima glavu eti fomu haina sahihi. Mikono ikatoka malengelenge!"

Walicheka tena. Kisha mtu akamgusa kiwiko na kumnong'oneza jambo, naye akainamisha kichwa. "Pole, karani. Nilisahau."

Nilimwambia si neno. Nilimaliza maharagwe yangu na kurudi stoo. Yule mkuu hakuwa amesema jambo lolote ambalo mimi nisingelisema.

Jumapili nilikwenda Rukanga. Dada yangu alikuwa amekaa nje, ungo wa ndengu mapajani, akichambua mawe. Yeye hasomi Kiingereza. Alikuwa ameniomba nimletee gazeti.

"Nisomee, kaka. Sitaki siasa. Nataka kujua walijua au hawakujua."

Nilimfafanulia kwa utulivu. Nilisema habari ilifika, lakini aliyeileta hakujulikana, kwa hiyo hawakuweza kuithibitisha.

Mikono yake iliendelea kuchambua. "Kaka, ndovu wakivuka kuja mashambani, mtu wa kule chini hupiga simu. Sisi tunatoka kupiga madebe tuwafukuze. Kuna wiki tulitoka mara tatu bure, hatukuona hata mkia. Ya nne tukatoka. Umewahi kusikia mtu hapa akiuliza ndovu amesaini wapi?"

Nilisema sijawahi.

"Sasa hao walikuwa wanangoja nini?"

Nilikunja gazeti. Nilimwambia kwamba binti yake alinipigia Jumatatu. Nilieleza yote kwa mpangilio: karatasi, mlango wa hosteli, wenzake waliokuwa wakiondoka, maswali yangu, majibu yake. Neno nililotumia, fununu, nalo nililitaja. Sikujitetea, wala sikulia. Nilikuwa kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo stoo.

Alikuwa ameacha kuchambua. Nilidhani angeniuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Alikuwa anaogopa?" aliuliza.

Nilijaribu kuikumbuka sauti. Nilikumbuka maneno tu.

"Sijui," nilisema. "Sikumuuliza."

 Dada yangu akainuka na ungo wake, akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Uende na gazeti lako, kaka."

Gari la kurudi Voi lilikuwa bado saa nzima. Nililingojea barabarani.