Mtani Aliyekaa Juu ya Haro

Cheka ukitaka. Wenzangu wa mtaa wa Chemchem wameshacheka sana, na bado kila wakinikuta nimekaa wananiomba nirudie. Lakini bega langu la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Mke wangu akinishonea shati hutia kitambaa ndani upande huo ili lisining'inie. Bega hilo halikushuka kwa hadithi. Lilishuka kwa kazi ya jioni moja ya kupiga haro, chuma cha kulainisha udongo kinachovutwa na trekta, mashariki ya Tabora, enzi Mwingereza bado anatawala.

Mimi ni Mgogo. Nilikuja Unyamwezi kuendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Karanga zilipowashinda wakafungasha, mimi nikabaki. Kilichonibakiza ni Tereza. Baba yake, Mzee Kasoga, alikuwa mkulima Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Nilipopeleka posa hakunikatalia. Alinichukua nyuma ya nyumba yake, akanionyesha kipande cha ardhi.

"Ukilainisha hapa kabla ya mvua, jenga, ulime, na Tereza ni wako. Ukishindwa, mtani wangu, garimoshi la kwenda Dodoma bado lipo."

Akacheka, nami nikacheka. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, hakuna wa kumkasirikia mwenzake. Lakini usiku ule sikulala, maana nilijua hakuwa anatania.

Ardhi ile ilikuwa na kisa. Njia ya misafara ya kale, ile ya kwenda pwani, ilipita katikati yake. Fikiria nyayo za wapagazi miaka na miaka, kila mmoja na mzigo wake. Udongo ulishikana mpaka jembe likadunda na kukuumiza viganja. Plau la ng'ombe liliparua juu juu tu. Kaka zake Tereza walikuwa wamejaribu, wakaacha, wakaniangalia kwa huruma.

Mimi nilikuwa na silaha yangu. Kule kwenye karanga niliruhusiwa kuondoka na chuma kimoja kilichotupwa majanini. Kijiji kizima kilikiita plau bovu. Si plau! Plau huwa na sahani chache kubwa, kila moja imeinama peke yake. Hili lilikuwa na sahani nyingi ndogo, zimetungwa kwenye vyuma virefu, safu ya mbele na safu ya nyuma. Za mbele zilikuwa na meno ukingoni na zilitupa udongo nje, za nyuma zikaurudisha ndani. Hilo ndilo haro. Beringi zake zilikuwa za mti, zimeliwa zote, nikachonga nyingine za mninga na kuzichemsha katika mafuta. Nilizigonga safu zilizoganda kwa kutu mpaka zikakubali kukaa mshazari, kwa sababu sahani zikinyooka hazikati kitu, zinabingirika tu kama magurudumu.

Trekta niliazimwa na Bwana Seif wa Gongoni, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Omani. Alipenda mashine kuliko biashara yenyewe.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Lakini alfajiri liwe mlangoni kwangu. Linakwenda kuvuta magogo, na halirudi mpaka baada ya masika."

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

Mpaka alasiri sehemu nyingine zote zilikuwa laini, Tereza akaniletea ugali na maziwa, akaondoka anatabasamu. Ikabaki ile njia. Nilipita juu yake, sahani zikapiga kelele na kuacha mikwaruzo. Nikapakia mawe juu ya fremu, nikapita tena. Mikwaruzo. Nikaongeza mawe mpaka mgongo ukakataa. Jua likazama, mwezi ukatoka, watu wakarudi makwao. Nilizima trekta nikakaa juu ya yale mawe, na nitakuambia ukweli, machozi yalinitoka.

"Mwadila," ikasema sauti nyuma yangu.

Ndiyo salamu ya jioni ya Wanyamwezi. Nami kwa mazoea nikajibu ya kwetu, "Mbukwa." Mtu yule akaangua kicheko.

"Mgogo! Mlitutoza hongo ya kupita njia kwenu Ugogo, na huku mmetufuata?"

Alikuwa mwanamume mfupi, mkondefu, shuka imefungwa kiunoni. Alisimama upande upande, bega la kushoto chini, na begani pana sugu nene. Nikadhani ni mchungaji wa jirani.

"Nikutoze hongo ya nini?" nikamjibu. "Hata mzigo huna."

"Mzigo ninao." Akaligusa haro kwa mguu. "Chuma chako chepesi hiki. Kinataka mtu."

"Wewe na ukondefu huo?"

"Washa, Mgogo. Maneno mengi."

Akapanda, akakaa katikati ya mawe. Nikawasha. Niamini: trekta liliguna, likainua pua. Nikageuka nyuma, na sahani zilikuwa zimezama mpaka kwenye chuma kinachozishika. Njia iliyowashinda watu wote ilikuwa inafumuka, nyekundu, laini, inanukia mvua. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu.

Naye nyuma hakunyamaza. "Taratibu, umebeba mtu mzima! Babu zako walituuzia maji kwa nguo, leo nabebwa bure!" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maisha yangu nimebeba. Sijawahi kubebwa, ukiacha mgongo wa mama."

Nilipokata kona ya mwisho nilimtazama vizuri. Haro linapofanya kazi hutimua vumbi. Mimi nilikuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka kucha. Mawe yalikuwa mekundu. Yeye hakuwa na chembe. Mwezi ulimmulika, ngozi yake safi kama aliyetoka kuoga.

Sasa ungefanyaje wewe? Ungekimbia? Mtu ambaye ametoka kukutania, na amekusaidia kazi iliyokushinda?

"Simama hapo," akasema. Akashuka. Sahani hazikuinuka. Nami nikashuka, akaja mbele yangu, akainamisha lile bega.

"Nitue, mtani."

Ombi hilo unalijua. Njiani mtu akikuambia nitue, unamtua, hata kama humfahamu. Nikanyoosha mikono juu ya bega lake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na uzito ukaniangukia. Kitu kiliteguka begani mwangu. Nikauteremsha nikiugulia, na ulipogusa chini ardhi ikabonyea mbele ya macho yangu.

Akajinyoosha, polepole. Nilikuwa nimemdhani mfupi. Kumbe alikuwa ananizidi kichwa kizima.

"Ahsante. Kwangu ni pale tu," akasema, akionyesha moto uliokuwa unawaka uani kwa Mzee Kasoga. Akatembea kuelekea huko, mikono inaning'inia kama mtu asiyejua aifanyie nini. Sahani nyuma yangu zikainuka zenyewe.

Nilipofika uani, nimeshika bega, nilimkuta mama yake Mzee Kasoga, Bibi Kalunde, amesimama nje. Nikamwamkia shikamoo.

"Kuna mtu amekohoa hapo uani," akasema. "Akasema, nimefika, kanileta Mgogo. Mwanangu ametoka, hakuona mtu. Mgogo ni wewe. Umemleta nani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye sugu akanikatiza.

"Bega lipi?"

"La kushoto, Bibi."

Akakaa chini. Baba yake Bibi alikuwa mpagazi, alibebea bega la kushoto, wenzake wakimcheka. Alikwenda pwani Bibi akiwa mtoto wa kushikwa kidole, na waliorudi walisema aliketi kupumzika karibu kabisa na nyumbani, akashindwa kuinuka, nao wakaendelea na safari.

"Alikuwa anacheka?" akaniuliza.

"Alikuwa ananitania njia nzima."

"Basi ndiye," akasema Bibi Kalunde, akajifunika uso kwa khanga.

Mvua ilinyesha kabla ya wiki kwisha. Tereza ndiye huyo anayenishonea mashati. Pale nilipoutua mzigo pana kibonyeo kinachotunza maji hata kiangazi, na sijawahi kupitisha haro juu yake.

Nawe, ukiwa na shamba kwenye njia ile, jioni ikakukuta na mtu akakuambia nitue, usimuulize amebeba nini. Piga magoti kwanza, pokea kwa mikono miwili, karibu na kifua. Mimi nilipokea nimesimama, na bega unaliona. Lakini usimkatalie. Huenda kwake ni pale tu.