Manyoya ya Foleni

Leonia, ambaye mtaani tulimwita Mama Anselm, alizaliwa milimani Mbulu, akaolewa Babati, na mumewe alipofariki alibaki na mbwa mmoja na shamba la mahindi lililoshuka hadi kwenye matete ya ziwa. Mbwa huyo Leonia alimwita Foleni. Alimwokota nje ya duka la ushirika mwaka wa themanini na mbili, mifupa mitupu, siku aliyopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri akaikosa. Viboko walipotoka ziwani, Foleni alibweka hadi majirani wakatoka na madebe kuwafukuza. Bila yeye, Leonia asingevuna.

Mwaka uliofuata manyoya yakaanza kumtoka, kwanza mgongoni, kisha mapajani. Yaliyobaki yalikuwa makavu kama mabua, na ngozi ilidondosha magamba meupe. Leonia alifanya walivyofanya wote: akampaka oili chafu ya lori. Foleni akanuka gereji, na manyoya yakaendelea kutoka.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Yoakimu, alikuja akasimama mbali kidogo.

"Mama Anselm, huyu ana upele. Watoto wanamshika."

"Upele gani usiomwasha, Balozi?"

"Wapiga mbwa wa serikali, wanaoua mbwa wagonjwa kwa risasi, wako kijiji cha Sigino. Masika ikiisha watafika kwetu. Wakimkuta hivi, nitawaonyesha mlango wako."

"Na viboko utawabwekea wewe?"

Yoakimu alicheka, lakini neno lake hakulibadili.

Leonia akamwita bwana mifugo. Yule bwana alimfuta Foleni oili, akamkagua masikio na fizi, akamkwangua ngozi kwa kisu kidogo.

"Hana wadudu. Anakula nini?"

"Ugali. Tunachokula sisi."

Ulikuwa ugali wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, na maziwa yalikuwa adimu.

"Manyoya hujengwa kwa nyama na mafuta, mama. Huyu hapati. Kile kidogo anachopata, mwili unakipeleka kwenye moyo na mapafu kwanza. Manyoya yanakosa."

"Nyama niitoe wapi?"

Bwana mifugo alifunga mkoba wake.

Nyuma ya uzio wa Leonia aliishi Mosi, mchuuzi wa samaki aliyetoka Singida. Mbwa wake waling'aa kama waliopakwa mafuta. Leonia aliwaona kila asubuhi na hakuwahi kujiuliza wanakula nini. Kwao milimani samaki hakuwa chakula. Hata sufuria iliyopikiwa samaki haikuingia ndani. Siku hiyo aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akazunguka uzio.

"Shikamoo, Mama Anselm. Leo perege wamekuita?"

"Marahaba. Nimekuja kuomba matumbo. Usinicheke."

"Nitakucheka kidogo tu," Mosi alisema, akamjazia ndoo matumbo ya perege na vichwa vya kambare.

Leonia alipikia nje, kwenye kopo la rangi, pua ameifunga kwa ncha ya khanga, akachanganya na ukoko wa ugali. Foleni alilamba kopo hadi likaviringika uani. Ikawa hivyo kila siku, na kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana, ila magamba yalipungua. Mvua nazo zilikuwa zinaelekea kukatika.

Kisha asubuhi moja Leonia alinipigia kelele mimi jirani yake nije nione. Mgongoni mwa Foleni mlikuwa na manyoya ya malaika, laini, mepesi kama ukungu. Wiki zilizofuata yalikua, yakalala, yakang'aa, na rangi yake haikuwa ile tuliyoizoea. Tulimjua Foleni kuwa mbwa wa kijivu. Alikuwa wa kahawia iliyoiva, na mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani. Leonia alikuwa ameishi naye miaka miwili na hakuwahi kumwona.

Yoakimu alifika na watu wawili, mmoja ana bunduki.

"Foleni yuko wapi?"

"Unamkanyaga mkia, Balozi."

Yoakimu alitazama chini. Akachuchumaa, akampapasa kuelekea mkiani, kisha akayapandisha manyoya kwa kidole na kuikagua ngozi, safi kama kiganja.

"Dawa gani hii?"

"Samaki."

"Samaki tu?"

"Samaki tu."

Alirudia kumpapasa, polepole, kama anayepapasa kitambaa ambacho hawezi kukinunua. Mwenye bunduki aliuliza kama nyumba ndiyo hii.

"Siyo hii," Yoakimu alijibu, na hakuinuka.