Gari la Tekla Lilipogoma

Majira ya baridi yakishika, asubuhi za kijiji cha Zoria siku hizi zina pengo. Zamani, kabla hata moshi wa majiko haujanyooka, watu walisikia gari la Tekla Woroniuk likikohoa mara mbili, likishika, likinguruma. Wakajua kumekucha. Sasa kunakucha kimyakimya, theluji tupu mpaka upeo wa macho.

Lilikuwa pikapu kuukuu la marehemu mumewe, Petro. Tekla alilitunza kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kulisema vibaya mbele yake isipokuwa binti yake Oksana, aliyekuja kutoka mjini Saskatoon kwa mkesha wa Krismasi ya Januari, ile ya kalenda ya wazee.

"Tumekubaliana, Mama," Oksana alimkumbusha jikoni, katikati ya masufuria. "Likigoma asubuhi moja tu, unahamia kwangu."

"Nilishasema ndiyo. Mimi sina ndimi mbili." Tekla akavaa buti, akatoka.

Alizungusha ufunguo. Starta ikaguna kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ikanyamaza. Akajaribu tena. Kimya. Tekla akaiona nyumba yake kwenye kioo cha pembeni.

Jirani yake Metro, rafiki wa Petro tangu ujana, alikuwa ameegemea ua, ndevu zimeganda. "Shemeji, fungasha! Nasikia huko mjini kuna lifti. Utapanda na kushuka siku nzima bila kazi."

"Funga mdomo, meno yasije yakaganda."

Hakuugusa ufunguo tena. Petro alizoea kusema kwamba gari lililogoma ni mgonjwa. Ukilipiga makofi halitakwambia linaumwa wapi. Akawasha taa: zikamulika theluji, kali, nyeupe. Basi betri ilikuwa nzima. Akafungua boneti, akatikisa nyaya za betri: zimekaza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imeng'ang'ania kama lami, haidondoki. Akavua glavu, akaigusa injini mara moja tu, kwa ncha za vidole.

Baridi kama jiwe la kaburi.

Injini iliyochomekwa umeme usiku kucha ili isigande haiwi hivyo. Kila gari la Zoria lina waya unaoning'inia puani kwa kazi hiyo, na huu Tekla aliuchomeka mwenyewe jana jioni. Akaufuata kwenye theluji hadi ukutani, barazani. Plagi ilikuwa imelala chini. Kwenye soketi palikuwa na waya mwingine, unaopita chini ya mlango mpaka kwenye chungu kikubwa cha umeme, ambamo kabeji za kuviringisha zilikuwa zikitokota kwa raha zake.

Oksana alisimama mlangoni na mwiko. "Soketi za ndani zilijaa, Mama. Vyakula kumi na viwili vya mkesha! Nilidhani ule niliouchomoa ni waya wa taa za nje."

"Kwa hiyo kabeji zimelala motoni, na gari la baba yako barafuni."

Metro alicheka mpaka akaushika ua kwa mikono miwili.

"Lakini limegoma," Oksana alisema taratibu.

"Halikugoma. Lilinyimwa. Wewe ukilazwa nje bila blanketi, asubuhi utaitika?"

Oksana akainama mwenyewe, akapangusa theluji kwenye plagi, akaichomeka.

Jioni, wote wakiisubiri nyota ya kwanza ili wakae mezani, Tekla alimwita Oksana garini. "Njoo ukae huku. Leo zungusha wewe. Usililazimishe, lisikilize."

Lilikohoa mara mbili. Likashika. Kwa mngurumo huo taa za barazani zikawaka nyumba baada ya nyumba, na Metro akapiga kelele kutoka upande wake: "Fungua masanduku, shemeji!" Tekla alikaa wima kando ya binti yake, kidevu juu, kama bibi harusi anayepitishwa kijijini.

Tekla hakuhama. Amezikwa nyuma ya kanisa la Zoria, kando ya Petro. Gari liko Saskatoon kwa Oksana, na huchomekwa kila usiku.