Kambare na Kibuyu cha Maziwa

Shombo la kambare haliondoki kwa sabuni. Nawa kwa majivu, sugua kwa mchanga, paka limau. Kesho yake ukipitisha kiganja puani lipo palepale, limelala kama mbwa mlangoni. Shombo hilo ndilo lililonifukuza kwetu. Wanaojua kuandika wangezunguka kwanza ndipo waseme. Mimi shule niliishia darasa la pili, sina muda wa kuzunguka.

Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mdogo huko Nangara. Kwake tulikuwa watu wa ng'ombe. Samaki hatukumla. Ziwa Babati tuliliona mahali pa kunyweshea mifugo, basi, na kambare, kwa kuwa hana magamba, tulimwita nyoka wa majini. Mkono ulioshika samaki ulikuwa mwiko kugusa kibuyu cha maziwa, maana ng'ombe wote wangekauka chuchu. Mwaka ninaousema mvua haikunyesha. Nyasi ziliisha, ziwa likarudi nyuma likaacha tope, na jikoni ugali ukaanza kugawanywa kwa jicho kali. Wa mwisho kugawiwa nilikuwa mimi. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Baba mdogo alikuwa na njaa, na bado hakunijua.

Nikashuka ziwani, nikawa namwoshea vyombo Mama Pendo, mjane aliyekaanga samaki karibu na mitumbwi, anilipe kichwa cha perege. Asubuhi moja kijiko cha bati kikaniponyoka majini. Kikazama kikiyumba na kumeta, na kabla hakijagusa tope kambare mnene kama paja langu akakipiga, kisha akakitema. Nilishangaa. Watoto wenzangu walishinda hapo na ndoana za nyungunyungu, wakapata visamaki vya kuchekesha paka, na lile jitu halikuwahi kuwajali. Nikaingia kukipapasa.

"Kijiko changu kikipotea, na wewe potea hukohuko!" Mama Pendo alipiga kelele. Nilipokipata na kumweleza nilichoona akacheka, akaniachia kijiko, akanipa na ndoana kubwa ya marehemu mumewe. "Haya, chukua. Ukirudi mikono mitupu utakula hicho kijiko."

Nilikunja mpini wa kijiko mbele na nyuma hadi ukakatika, nikatoboa matundu mawili kwa msumari na jiwe, huku nikafunga ndoana, huku mshipi. Nikakisugua kwa mchanga mpaka kikawaka. Lakini hila haikuwa kwenye kung'aa. Ukikivuta moja kwa moja, kambare mkubwa anakiacha kipite. Vuta, acha kizame, kishtue kidogo, acha tena, kiende kama kitu kilichovunjika mbavu. Mkubwa hahangaiki na mzima, anamsubiri anayechechemea. Hilo sikulijulia ziwani. Nililitoa nyumbani.

Nilimpata wa kwanza, tukamla na Mama Pendo, nikarudi kwa baba mdogo nimeshiba. Kosa lilikuwa hilo, kushiba mbele ya wenye njaa. Alinidaka mkono akaunusa. Wiki ileile ng'ombe wa mwisho aliyekuwa anakamuliwa alikuwa amekauka, na mbavu zake zilionekana tangu barabarani, lakini mwenye kosa akawa mimi.

"Umeua maziwa, mla nyoka wewe! Chagua leo: ziwa au kibuyu."

"Kibuyu chenyewe kitupu, baba mdogo."

Alinichapa kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikapasuka, akanitoa nje ya zizi huku wanawe wakiziba pua na kucheka. Methali inasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi guu nilivunjiwa zizini humohumo. Ningerejea wapi? Nikahamia bandani kwa Mama Pendo, nikavua kila siku, nikaota nyama mwilini wakati kwetu wanakwisha.

Halafu likaja lile jitu. Lilikipiga kijiko karibu na matete, mshipi ukanikata viganja, nikaingia tope hadi kiunoni nikaliburuta nchi kavu watu wakishangilia. Kambare hafi upesi. Nililipiga rungu kichwani, likaendelea kupumua na kunitazama; nikapiga tena, na tena. Nilipoinua macho, baba mdogo alikuwa amesimama mbele yangu, midomo imepasuka, begani amebeba kile kibuyu cha maziwa, sasa cha kuchotea maji, na maji yanamwagika bila yeye kujua.

"Mwanangu," aliniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nipe kipande tu. Watoto hawajala tangu juzi."

"Nyoka huyu, baba mdogo."

Watu wakacheka. Mama Pendo akanong'ona, "Mpe, mwanangu, Mungu anaona."

"Nitampa," nikasema. "Achukulie kwenye kibuyu."

Kicheko kikakatika. Alikuwa na mfuko, alikuwa na shuka, na kila mtu aliviona. Nikakata minofu myembamba inayopita shingo ya kibuyu, nikamnyooshea mmoja mmoja. Akaisukuma ndani kwa kidole chake mwenyewe, kile kibuyu cha baba yake, damu ya samaki ikichuruzika ubavuni. Watoto wake waliishi.

Sijutii. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi si maskini: nina nyumba za kupangisha mjini na mashamba Sigino, vyote kwa viganja hivi vyenye makovu. Siku hizi vijana wa bodaboda huja ziwani na samaki wa plastiki wa dukani. "Shikamoo mzee, mbona hawali?" Nawajibu marahaba, kisha nawaambia mnavuta kama mtu mwenye afya. Wanacheka, wanadhani ni utani. Mjukuu wa baba mdogo anauza kambare wa kukaanga stendi, na kwenye friji yake samaki na maziwa vinakaa rafu moja, wala hakuna ng'ombe aliyekauka. Nikipita hunikaribisha, "Babu, chai ya maziwa?" Namwambia ya rangi. Anadhani nimekatazwa na daktari. Nimejaribu, jamani. Nimejaribu na kikombe kipya, na maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Kikifika mdomoni kinanuka shombo.