Wiki Moja katika Nyumba Namba Tisa

Barua ya chama cha mafundi ilifika mwishoni mwa Julai, na Salvör aliisoma amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Ombi lao lilikuwa limekubaliwa: nyumba ya mapumziko namba tisa, Septemba, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hadi Ijumaa inayofuata saa sita mchana. Mumewe, Eyvindur, alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na mmoja, na kila mwaka wa kazi ulimwongezea alama kwenye orodha ya chama. Mwenye alama nyingi huchagua kwanza. Salvör alizitumia zote kwa mkupuo mmoja, na hakuomba nyumba nyingine.

Namba tisa waliijenga wenyewe. Walichimba msingi kiangazi cha mwaka 1987, Salvör akiwa mpishi wa shule mwenye likizo ndefu, Eyvindur akija kila Ijumaa na mbao juu ya gari. Mita za mraba arobaini na sita, ukingoni mwa uwanja wa lava iliyoganda, ambako mawe meusi yamevaa ukoga wa kijani, mzito kama sufu, na hakuna jirani anayeonekana. Maji ya moto Eyvindur aliyaleta kutoka chemchemi ya shamba lililo juu, mita mia tatu na ishirini za bomba, akililaza kwa mikono yake. Miaka minne iliyopita, magoti yake yalipokataa ngazi na kichwa chake kikaanza kupoteza siku, waliiuza kwa chama. Chama kikajenga nyingine mbili jirani, nyuma ya vilima, kikabandika namba kwenye kila mlango.

Jumatatu baada ya wiki hiyo Eyvindur alikuwa aingie nyumba ya wazee. Nafasi ilikuwa imepatikana, na Salvör hakuwa na la kupinga. Mara mbili majira ya baridi yaliyopita alimfuata barabarani akamkuta na soksi tupu kwenye theluji. Alitaka kitu kimoja tu. Tangu Pasaka, mumewe hakuwa amemwita kwa jina. Alimwita "mama", kwa adabu, kama unavyomwita mtu usiyemjua aliyekupisha kwenye foleni. Salvör aliamini kwamba ndani ya kuta zile jina lingemrudia.

"Mama, usijiumize bure," binti yao Hildigunnur alimwambia kwa simu kutoka Norwe.

"Nimeshaumia, mwanangu. Hii ni nyongeza tu."

Walifika kukiwa na mvua nyembamba ya pembeni. Ufunguo ulikuwa katika kisanduku cha chuma ukutani, chenye namba za siri. Salvör alikosea namba mara mbili. Eyvindur alisubiri nyuma yake, mikono mgongoni, akiutazama mlango aliouchonga mwenyewe.

"Wenyewe hawapo?" aliuliza.

"Hawapo."

"Basi tuingie polepole."

Walivua viatu. Ndani, chama kilikuwa kimeondoa kila kilichokuwa chao na kuweka kile kinachowekwa kila mahali: sahani sita, vikombe sita, vijiko sita, na karatasi ya masharti ukutani iliyofunikwa kwa plastiki. Eyvindur alizunguka taratibu akipapasa viungo vya mbao kwa kidole gumba. Salvör alimfuata hatua mbili nyuma, bado na mfuko wa viazi mkononi.

"Aliyejenga hapa alijua kazi," Eyvindur alisema. Kisha akainama kwenye dirisha la jikoni, akafumba jicho moja. "Ila hapa alikuwa amelewa. Tazama, mama. Limepinda."

Salvör alicheka kabla hajajizuia. Siku ile ya dirisha, yeye ndiye aliyeshika pima maji ya kunyooshea fremu, na Eyvindur alimfokea mpaka wakala chakula cha jioni bila kusemeshana.

"Labda msaidizi wake ndiye aliyelewa," alisema.

"Msaidizi mbaya ni kazi mara mbili," Eyvindur alijibu kwa uzito, akasonga mbele kwenda kukagua choo.

Jumamosi na Jumapili zilipita hivyo. Salvör alimpikia supu ya kondoo kama zamani, akampa kahawa na kipande cha sukari cha kubana kati ya meno. Alimketisha kitini pake, ingawa kiti chenyewe kilikuwa cha chama, ila mahali palikuwa pale pale, mbele ya mlima. Alimpeleka kuchuma matunda meusi ya porini nyuma ya nyumba. Eyvindur alikula, akashukuru, akasifu mlima. Kila mara alipofungua kinywa, Salvör aliacha alichokuwa akifanya.

Jumatatu asubuhi, akimenya viazi, alihisi baridi miguuni. Mabomba ya joto ukutani yalikuwa yakipoa. Alitoka nje akamkuta Eyvindur amelala kifudifudi kwenye baraza la mbao, mbao mbili ameshazing'oa, mkono umezama chini hadi begani. Koki kuu ya maji ya moto ilikuwa pale, chini ya mbao zile, na nje hapakuwa na alama yoyote ya kuionyesha. Hakuna aliyemwambia.

Kabla hajasema neno, gari la mizigo liliingia uani kwa kasi. Bersi, mwangalizi wa nyumba za chama, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyehamia kutoka kaskazini, aliteremka bila kuzima injini.

"Nani kafunga maji? Nani? Koki hiyo inalisha nyumba tatu! Namba nane kuna mtu yuko uchi, kajaa sabuni mpaka masikioni, ananitukania marehemu bibi yangu kwenye simu!"

"Inavuja," Eyvindur alisema kutoka chini. "Naisikia tangu juzi."

"Mzee, wewe ni mgeni hapa. Mgeni hang'oi sakafu. Yameandikwa ukutani."

"Kweli, ndugu yangu. Samahani sana. Ni nyumba ya watu, tumekosa." Eyvindur aliinuka kwa taabu, akajipangusa magoti. Salvör alimtazama mumewe akiomba radhi kwa kugusa bomba lake mwenyewe.

Bersi alichungulia shimoni. "Na huyo mpumbavu aliyeificha koki chini ya baraza, ningempata! Miaka mitatu naitafuta."

"Si mpumbavu. Angeiweka juu, Januari ingeipasua. Tazama alivyoifunga." Eyvindur alielekeza kwa kidole. "Sufu ya kondoo, halafu turubai, halafu sufu tena. Huyu alikaa akafikiri."

"Kumbe unamjua?"

Salvör alikuwa na kisu cha viazi mkononi. Alisubiri. Eyvindur aliitazama koki kwa muda mrefu, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Hapana," alisema. "Ningependa kumfahamu."

Salvör alimsindikiza Bersi hadi garini na kumwambia ni nani aliyeijenga nyumba ile. Bersi alizima injini. Alivua kofia yake, akaigeuza mkononi, akaivaa tena.

"Ningejua, mama, nisingemwita mpumbavu."

"Hukumwita yeye. Umesikia, yule aliyeijenga hayupo tena."

Bersi alifungua sanduku la vifaa, akatafuta washa, ile pete ya mpira ya kuzuia koki isivuje, ya kipimo kile, akarudi nayo barazani. "Haya, mzee," alisema, "kwa kuwa umeshang'oa, maliza. Lakini fanya haraka, yule mtu bado ana sabuni." Eyvindur alibadilisha washa kwa dakika sita. Maji yakarudi, nyumba ikapata joto, na baada ya hapo Salvör hakungoja tena kwa namna ile ile. Alingoja kama mtu anayengoja basi huku akijua limeshapita.

Ijumaa walisafisha. Mtu wa nchi hii akipanga nyumba ya chama huiacha safi kuliko alivyoikuta. Ni aibu mwingine akute unywele wako. Salvör alisugua jiko na kukausha bafu la maji ya moto lililokuwa nje. Eyvindur alipiga deki vyumba vyote, akarudia, akipangusa pembe akiwa amepiga magoti, na aliposhauriwa apumzike alisema haiwezekani, wenyewe wamewaamini. Mwisho aliketi mezani na kitabu cha wageni, maana hakuna anayeondoka bila kuandika hali ya hewa, ndege aliowaona na neno la shukrani. Aliandika taratibu kwa herufi zake za mraba za fundi, akafunika kalamu, akatoka na ndoo.

Salvör alikisoma amesimama.

"Upepo wa kaskazini, nyuzijoto nne. Kware watatu, wawili wameanza kuvaa weupe wa majira ya baridi. Maji mazuri. Aliyejenga alikuwa mwangalifu. Tunawashukuru wenye nyumba. Shukrani za pekee kwa mama aliyenileta. Hunifunga viatu, na hajanikasirikia. Jina lake silijui. Naona haya kumuuliza, kwa sababu inaonekana tumefahamiana muda mrefu. Eyvindur, mgeni."

Aliketi kwenye benchi la viatu. Saa ilionyesha sita kasoro robo. Wiki nzima alikuwa amemngoja alitamke jina lake, na wiki nzima Eyvindur alikuwa akilitafuta kimyakimya, akiogopa kumvunjia heshima. Salvör alivaa buti, akafunga mlango, akarudisha ufunguo kisandukuni. Eyvindur alikuwa amesimama kando ya gari, ndoo tupu mkononi.

Salvör alivua glavu, akanyoosha mkono.

"Hatujajulishana vizuri," alisema. "Mimi naitwa Salvör."

Uso wa Eyvindur ulilegea wote. Aliweka ndoo chini, akaushika mkono ule kwa nguvu. "Eyvindur. Afadhali! Nimehangaika, ujue. Unakaa na mtu, unakula chakula chake..."

"Ungeuliza tu."

"Mtu unaona haya, Salvör."

Njiani Eyvindur alilitumia jina hilo kama mtu aliyepewa kitu kipya. Salvör, waone kondoo wanavyoteremshwa kutoka milimani. Salvör, punguza mwendo, kuna changarawe. Salvör, nani alikufundisha kuendesha hivi, fundi bomba? Salvör alimjibu kila mara, macho barabarani, na kila mara alihesabu. Hadi walipovuka daraja la mto zilikuwa mara kumi na moja.

Baada ya daraja Eyvindur alinyamaza. Walisimama kwenye kituo cha mafuta, na Salvör akamnunulia soseji ndani ya mkate yenye vitunguu vya kukaanga, kama alivyoipenda siku zote. Eyvindur aliipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mama," alisema.

Salvör alimfungulia karatasi ya kufutia mikono, akaiweka pajani pake, akawasha gari.