Reno ya Swabir wa Mkwiro

Watu wa Mkwiro walicheka sana mwaka ule Swabir aliponunua gari. Mkwiro ni kijiji cha kisiwani, upande wa mashariki wa Wasini, na kisiwa kizima hakina barabara ya kupita hata mkokoteni, seuze gari. Swabir alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia Reno Roho nyeupe, mlango wa nyuma umeanza kuliwa na kutu. Akaja nayo hadi Shimoni, akaiegesha uani kwa rafiki yake Chirau, kisha akavuka kumweleza mkewe kwamba sasa wana gari.

"Liko wapi?" Mbeyu akamuuliza.

"Ng'ambo."

"Basi hilo ni gari la Chirau," Mbeyu akasema, akaendelea kukuna nazi.

Binti yao Hafsa alikuwa na miaka sita wakati huo. Alichokikumbuka zaidi ni gia, iliyochomoza kwenye dashibodi mfano wa mpini wa mwavuli, na baba yake akiivuta na kuisukuma kama mtu anayekoroga sufuria. Alikumbuka vioo vya madirisha vilivyosukumwa kando badala ya kushushwa, na harufu ya petroli iliyochanganyika na vitunguu vya jikoni hotelini. Kila siku ya mapumziko ya Swabir palikuwa na mtu anayemngoja Shimoni: mama mwenye uchungu wa kuzaa wa kupelekwa hospitali ya Msambweni, bibi harusi, mtoto aliyevunjika mkono. Kiti cha mbele kilikuwa cha hao. Mbeyu alipopanda, alikaa nyuma, kikapu mapajani.

Mbeyu si mtu wa kisiwani. Alizaliwa Kikoneni, kwa wakulima, na kila Idi Swabir alimwahidi kwamba atampeleka kwao amekaa mbele kama bibi harusi. Kila Idi ikatokea dharura ya mtu. Mbeyu akawa anakwenda kwao kwa magari ya abiria, peke yake. Swabir akafariki mwaka 2006, na ahadi ile ikazikwa naye. Hivyo ndivyo walivyodhani wote.

Mwaka jana Chirau alituma salamu: kijana wake alitaka kujenga pale uani, kwa hiyo gari liondolewe. Feisal, kaka yake Hafsa, akapata mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Haliuzwi," Hafsa akasema. Alikuwa ametoka baharini kuvuna mwani, nguo zimemlowa hadi magotini.

"Hafsa, hilo ni kutu tupu. Na wewe hujui kuendesha. Mimi ndiye niliyefundishwa na baba."

"Najua. Mimi nilikuwa nakaa nyuma naangalia."

"Utaliendesha wapi? Humu kwenye mwani?"

"Kikoneni. Nitampeleka mama."

Feisal akacheka, kisha akamtazama dadake usoni na kicheko kikamkatika.

Kesho yake Hafsa alivuka, akamwamkia Chirau shikamoo, akaomba funguo. Ndani mlinuka panya, na viti vilikuwa vimechanika hadi chuma kikaonekana. Akakaa mahali pa dereva, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Mkono wake ukaiendea gia wenyewe.

"Nipe miezi sita, baba," akamwambia Chirau.

"Chukua minane. Huyo mjenzi wangu hajapata hata tofali moja."

Akajiandikisha katika shule ya udereva Ukunda, akiwa na miaka arubaini na mitatu, darasani na vijana waliomwita mathe, kana kwamba ni mama yao. Mtihani wa kwanza alianguka: aliambiwa asimame mlimani na kuondoka tena, gari likarudi nyuma, likazima. Alirudi kisiwani hakumwambia mtu. Wiki tatu akafanya mazoezi ya mlima tu, akarudia mtihani, akafaulu.

Kisha akamtafuta fundi. Hesbon, makanika kutoka bara mwenye gereji Ukunda, alikuja hadi Shimoni, akafungua boneti, akainama ndani.

"Madam, injini tunaweza kuiamsha. Lakini kabureta imeisha, na breki ni kama hakuna. Spea za hii kitu siku hizi hupati."

"Hazipo kabisa?"

"Labda upate ingine imekufa mahali."

Basi Hafsa akawa mtafutaji wa Reno zilizokufa. Aliuliza gereji hadi gereji, akauliza madukani na kwenye vituo vya mafuta. Mwezi wa pili akaambiwa kuna mama mmoja Waa, jina lake Shutu, ana Reno nyuma ya nyumba na kuku wake hulala ndani yake.

Shutu alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa. "Fundi wako akishalikongoa, kuku wangu nitawalaza wapi? Hapa nguchiro hawachezi."

Hafsa hakubishana. Siku ya tatu alirudi na boriti, wavu wa chuma na makuti, akavua buibui akalitundika mlangoni, akaanza kuchimba mashimo. Hakuwahi kujenga banda maishani mwake. Waya ulimchana viganja, na nguzo mbili alizing'oa akazisimika upya kwa kuwa zilikaa upande. Jioni Shutu alilishika banda kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikuyumba.

"Mlete fundi wako," akasema.

Hesbon akafungua kabureta, vipuri vya breki na vyote vilivyofaa. Ilimchukua mwezi na nusu kuvifunga kwenye Reno ya Swabir. Siku injini ilipowaka, Feisal ndiye aliyekuwa akilisukuma gari kwa nyuma, shati limemganda mgongoni. Alisimama akilisikiliza likinguruma.

Gari lilipokwisha kaguliwa na karatasi zake kukamilika, Hafsa alimvusha mama yake. Mbeyu, kwa mazoea, akauendea mlango wa nyuma.

"Siyo huko, mama. Huku mbele."

"Na hapo mbele atakaa nani?"

"Wewe."

Mbeyu akaingia, akajitengeneza leso, akaweka mikono mapajani ambako hakukuwa na kikapu. Wakaenda hadi walipoiacha lami na kushika barabara ya kupanda Kikoneni. Kwenye mlima wa pili Reno ilichemka. Mvuke ukatoka, Hafsa akaegesha kando, akazima. Kijana wa bodaboda akasimama, akamwambia bibi apande ampeleke, hilo gari halifiki.

"Sishuki," Mbeyu akajibu. "Lingojeni lipoe. Mimi nimengoja zaidi."

Wakangoja. Hafsa akaongeza maji, akawasha, na pale mlimani akaiachia klachi polepole. Gari likarudi nyuma kidogo, likashika, likapanda.

Garama, mdogo wake Mbeyu, alikuwa akipukuchua mahindi uani. Alisimama, akalitazama gari kwanza kabla ya watu. "Hii si ile ya shemeji, niliyoiona Shimoni?"

"Ndiyo yenyewe," Mbeyu akasema. Akashuka, akapita moja kwa moja hadi kwenye kaburi la mama yake nyuma ya migomba, akapiga magoti akaanza kung'oa magugu. Hafsa alimwona mabega yakitikisika, akamwacha. Baadaye walikula wali wa nazi na kisamvu, na Mbeyu akatangaza kwamba atalala hapo siku tatu.

Kwa hiyo Hafsa akateremka peke yake. Hakukuwa na mgonjwa nyuma, wala bibi harusi, wala mtu wa kumwambia afanye haraka. Akasukuma kioo kando, upepo ukaingia. Alipofika lami, Shimoni ilikuwa upande wa kulia. Akasimama kidogo, akaangalia magari pande zote mbili, kisha akapinda kushoto kuelekea Msambweni, kwa kuwa alitaka tu, na petroli ilikuwapo.